Rekodini Mkiwa Chumba Kimoja



Wajukuu zangu, swali lenu limenifikia. Mnataka kurekodi. Baadhi yenu wanasema mwende Mbeya studio, kila mmoja aingie kwenye kibanda peke yake, avae vifaa vya masikioni, apige sehemu yake, kisha fundi aziunge zote kwenye kompyuta. Wengine wanasema hapana, turekodi hapahapa Iwawa, Makete, ukumbini, bendi nzima kwa mpigo mmoja, watu wakiwa wamekaa mbele yetu. Mmeniuliza mimi kwa sababu nilipuliza tarumbeta kanisani nikiwa na umri wenu, na baadaye nikapuliza kwenye bendi za dansi zilizokuwa zikipita Makambako kwenda Mbeya na Songea. Jibu langu nalitanguliza ili msihangaike kulitafuta: rekodini hapa, wote pamoja, katika chumba kimoja, mkitazamana machoni. Yatakayofuata ni sababu zake na namna ya kuifanya kazi yenyewe.

Siidharau studio ya kompyuta. Wenzenu wa Bongo Fleva wamefika mbali kwa njia hiyo, na muziki wao umetungwa uendane nayo: mdundo unatengenezwa kwanza, sauti inakuja juu yake. Muziki wenu haukutungwa hivyo. Mnapiga swingi mliyoichanganya na dansi letu la zamani. Ndani ya muziki huo mwenye solo hajui atakwenda wapi mpaka amsikie wa ngoma, na wa ngoma hajui aongeze lini mpaka amsikie mpulizaji akivuta pumzi. Mkitenganishwa, kila mmoja atapiga vizuri kile alichokikariri, lakini mazungumzo yenu hayatakuwemo kwenye rekodi. Na mazungumzo hayo ndiyo watu huja kuyasikia.

Chukueni mfano. Tarehe 16 Januari 1938 Benny Goodman, mpiga klarineti wa Marekani, aliingiza bendi yake Carnegie Hall, New York, ukumbi uliozoea okestra za muziki wa Ulaya. Bendi kubwa ilipiga, lakini katikati ya onyesho walijitenga watu wanne tu: Goodman mwenyewe, Teddy Wilson kwenye piano, Lionel Hampton kwenye vaibrafoni na Gene Krupa kwenye ngoma. Wawili weupe na wawili weusi, wakati ambao katika sehemu nyingi za nchi ile watu wa rangi hizo mbili hawakuruhusiwa hata kula meza moja. Kipaza sauti kikuu kilikuwa kimoja, kimening'inizwa juu ya jukwaa. Rekodi ya usiku ule ilikaa bila kutolewa hadi 1950, na ilipotoka ikanunuliwa kwa wingi sana. Itafuteni, sasa inapatikana hata kwenye simu. Sikilizeni wale wanne. Kipaza sauti kimoja hakina namna ya kumpandisha huyu na kumshusha yule, kwa hiyo kila unayemsikia vizuri unamsikia kwa sababu wenzake watatu walijua kupunguza. Sijui shule ya muziki iliyo bora kuliko kuisikiliza rekodi hiyo mara kwa mara, kila mara ukimfuata mtu mmoja tu toka mwanzo hadi mwisho.

Lakini msidhani jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Babu zenu walirekodi hivyohivyo. Bendi zetu za kwanza za mjini zilijiita Jazz, ingawa nyingi zilijifunza zaidi kwenye santuri za Kikuba, zile zenye alama ya GV, kuliko kwenye swingi ya New York. Morogoro Jazz ilianzishwa 1944. Western Jazz, Kilwa Jazz, Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Atomic na Jamhuri za Tanga, zote zilipita kwenye studio za redio ya taifa pale Pugu Road, Dar es Salaam, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere. NUTA Jazz ilipoundwa katikati ya miaka ya 1960 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake wakawa wanalipwa mshahara wa mwezi, nao pia walipanga foleni kwenye mlango uleule. Bendi ilifika na vyombo vyake, maneno ya nyimbo yakapitiwa kwanza, kisha ikajipanga studio mbele ya vipaza sauti vichache. Fundi mitambo alisikiliza wimbo, akamrudisha huyu nyuma hatua mbili, akamsogeza yule mbele, halafu utepe ukaanza kuzunguka. Wimbo ulipigwa toka kichwani hadi mkiani. Akiharibu mmoja, mnarudia wote.

Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho Tanzania. Santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, hadi 1983, njia hiyo ikawa ngumu mno. Ndiyo maana muziki mwingi wa miaka ile ulikaa kwenye tepu za redio ya taifa tu, ukatufikia kwa hewa. Sisi tuliokuwa milimani huku, redio ya betri ikiwa juu ya kabati, tulimsikia Mbaraka Mwinshehe, tukamsikia Muhiddin Gurumo, tukasikia wapulizaji wa bendi ya Mlimani Park chini ya Michael Enoch, yule waliyemwita King Enoch, aliyeweza kushika gitaa, tarumbeta na saksafoni. Mlimani Park ilianza 1978. Hebu tafuteni nyimbo zake za miaka ya mwanzo, mvae vifaa vya masikioni, msikilize mahali pale wimbo unapoacha kusimulia na kuingia kwenye chemko. Wapulizaji wanaingia pamoja, gitaa la solo linageuza, besi inabadili mwendo, na hakuna aliyehesabu kwa sauti. Walijuaje? Walikuwa wamepiga wimbo ule ukumbini usiku baada ya usiku, wakiwatazama wachezaji miguuni, kabla hawajaupeleka redioni.

Hapo kuna nasaha ya kwanza ya vitendo. Msirekodi wimbo ambao haujachezwa na watu. Mnazo nyimbo zenu mpya, nimesikia mbili zikitoka kwenye banda mnapofanyia mazoezi, nami nimezipenda. Zipigeni kwanza kwenye harusi, kwenye kipaimara, Makambako siku ya mnada kama mtapata nafasi. Wimbo ukipigwa mbele ya watu unajirekebisha wenyewe: ubeti uliorefuka bila sababu mtaufupisha, mahali watu wanapoanza kucheza mtapaongeza. Zikishakomaa ndipo muweke tarehe.

Na msione haya kwamba wapulizaji wenu wametoka kwenye matarumbeta ya kanisa. Nimemsikia mmoja wenu akiomba radhi kwa hilo mbele ya vijana waliotoka mjini, nikasikitika. Watu wa New Orleans walioanzisha jazi walitoka kwenye bendi za shaba zilizopigwa mazikoni na kwenye maandamano, wakiwa na nyimbo za dini vinywani. Pwani yetu nako, beni ilizaliwa kwa vijana walioziangalia bendi za kijeshi wakazigeuza zao. Matarumbeta yaliyoingia milima hii na Walutheri wa Kijerumani yamewafundisha kitu ambacho mwanamuziki wa kompyuta hana: kuvuta pumzi pamoja na mwenzako. Mnapopiga zaburi kwa sauti nne, asubuhi ya Pasaka makaburini, baridi ikiuma vidole, hakuna anayewapigia mdundo masikioni. Mnaanza pamoja kwa sababu mmevuta pumzi pamoja. Nendeni nayo hiyo ukumbini.

Sasa nizungumze na wale wa nyuma, maana kwao ndiko bendi inakosimama. Wazee wenu waliopasua mbao kwa msumeno wa mkono watawaambia kazi yenu inavyofanana na yao. Mmoja husimama juu ya gogo, mwingine chini shimoni. Wa chini hamwoni wa juu vizuri, unga wa mbao unamwagikia usoni, lakini anajua zamu yake kwa kuusikia mkono wa mwenzake kupitia kwenye msumeno. Akivuta kabla ya wakati, msumeno unakwama. Akichelewa, mbao inapinda. Wa besi na wa ngoma waishi hivyo. Katika swingi pigo halikai katikati kabisa kama pigo la mashine. Linaegemea kidogo, la kwanza refu na la pili fupi, na kiasi cha kuegemea hubadilika kufuatana na mwendo wa wimbo. Hakuna anayeweza kuwaandikia kiasi hicho kwenye karatasi. Mnakubaliana kwa masikio, na mkishakubaliana watu wanaanza kutikisa vichwa bila kujua ni kwa nini.

Wewe wa gitaa la rithimu, najua unaona umepewa kazi ndogo. Mwulize Freddie Green. Aliingia kwenye bendi ya Count Basie mwaka 1937, akawa nayo mpaka alipofariki 1987, karibu miaka 50 ya kupiga mapigo manne, manne, manne. Gitaa lake halikuwa la umeme. Kwenye rekodi nyingi lazima utege sikio ndipo umsikie, lakini bendi ile yote ilikaa juu ya mkono wake. Solo hakuitafuta, na leo ukiwataja wapiga gitaa la rithimu duniani, unaanza na jina lake. Kwenye dansi letu kazi yako ni hiyohiyo: ukitetereka wewe, solo anapoteza mahali pa kukanyaga.

Na wewe wa ngoma, punguza. Usiku wa kurekodi, chumba kidogo, wapulizaji wawili, binti anayeimba: ukipiga kama unavyopiga uwanjani utawafuta wote. Tumia burashi kwenye nyimbo za taratibu. Toazi la juu liguse, usilipige. Weka nguvu zako kwenye chemko, watu watazisikia zaidi kwa sababu hukuzitumia mwanzoni.

Nije kwenye ukumbi wenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ninyi ni watu wa Makete na vitabu vya mafundi wa mjini havikuandikwa kwa ajili ya baridi yetu.

Tuko juu ya meta 2,000. Juni na Julai usiku sakitu inaunguza majani ya viazi, na ndani ya ukumbi usio na dari kunakuwa na ubaridi unaokaribiana na wa nje. Chombo cha kupuliza kikiwa cha baridi, sauti yake inashuka, kwa kuwa hewa iliyomo ndani yake ni ya baridi na sauti hutembea polepole zaidi humo. Tofauti ya nyuzijoto 15 inaweza kuishusha tarumbeta karibu nusu ya hatua ya nusu toni, kabla pumzi yako haijaipasha moto. Nyuzi za chuma za gitaa zinakwenda upande wa pili kabisa: zikipata baridi zinajikaza na sauti inapanda. Kwa hiyo mkiingia ukumbini na kuanza papo hapo, tarumbeta inashuka, gitaa linapanda, na binti anayeimba anabaki katikati hajui amfuate nani. Ngoma ya ngozi nayo, ikiwa na unyevu wa ukungu, inalegea.

Dawa yake si kugombana. Vyombo vilale ukumbini kwa saa mbili kabla ya kuanza, nje ya mifuko yake. Wapulizaji wapulize polepole kwa muda mrefu, noti ndefu, mpaka shaba ipate joto, na kati ya nyimbo waendelee kupuliza hewa ya moto ndani yake bila sauti. Magitaa yatuniwe mwisho, baada ya chumba kujaa watu, na yatuniwe kwa kuifuata saksafoni, maana nyuzi hukazwa kwa kidole na saksafoni haikubali mengi. Mkitaka kupasha ukumbi joto kwa majiko ya mkaa, fanyeni hivyo mchana, milango na madirisha yakiwa wazi, na myatoe yote nje kabla watu hawajaingia. Jiko la mkaa lililofungiwa ndani linaua bila harufu. Misiba hiyo inajulikana huku kwetu na sitaki kusikia mwingine.

Bora zaidi, achaneni na Juni. Rekodini Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Baridi imelegea kidogo, na mvua bado. Mvua ikishaanza, paa la bati halitawaachia hata wimbo mmoja, na hakuna kipaza sauti kinachojua kutofautisha mvua na manyanga.

Kuta zenu ni za saruji tupu. Pigeni makofi katikati ya ukumbi mtasikia jinsi sauti inavyorudi. Rekodi itakuwa na mwangwi uliochanganyika na maneno. Makete hatukosi mablanketi mazito. Ombeni kwa mama zenu, mtundike ukutani nyuma ya ngoma na kwenye kona mbili za mbele. Msifunike kuta zote, sauti itakufa, na wapulizaji watajitahidi kupuliza kwa nguvu wakidhani hawasikiki. Watu nao, na makoti yao, watameza sehemu iliyobaki, kwa hiyo ukumbi mtupu wakati wa majaribio utasikika mkali kuliko usiku wenyewe. Msitishike.

Kaeni karibu. Nasisitiza. Sauti hutembea kama meta 340 kwa sekunde. Ukimweka wa ngoma meta 10 kutoka kwa wa solo, pigo linamfikia likiwa limechelewa karibu sehemu 3 za mia ya sekunde, na kwenye swingi ya mwendo wa kasi hiyo inatosha kuwavuruga. Kaeni nusu duara, asiwepo aliye mbali na mwenzake zaidi ya meta 3 au 4. Ngoma katikati nyuma. Besi ubavuni mwa ngoma, aone mguu wa mwenzake. Rithimu upande wa pili. Solo karibu na rithimu, wapulizaji wasimame mkabala nao, tarumbeta ikielekezwa pembeni kidogo, isimlenge mwimbaji sikioni.

Vipaza sauti viwili vizuri vinashinda kumi vibovu. Viwekeni mbele, juu kidogo ya kimo cha mtu, halafu pangeni bendi kwa kuvifuata. Mwenye sauti kubwa arudi nyuma, mwenye ndogo asogee mbele. Mwimbaji anaweza kupewa cha kwake. Mtu mmoja asiyepiga chombo, mwenye masikio matulivu, akae na mashine mbali kidogo, avae vifaa vya masikioni, awe ndiye mwenye amri siku hiyo. Akikwambia rudi hatua moja, rudi bila kuuliza umekosa nini. Kilele cha sauti kwenye mashine kiachiwe nafasi ya kama desibeli 12, maana chemko ikifika na watu wakishangilia, sauti huruka juu kuliko mlivyopima mchana. Ikigonga ukomo inakatika kichwa, na sauti iliyokatika kichwa haiponi. Iliyo ndogo kidogo huongezwa baadaye bila shida.

Mashine ya kurekodia iendeshwe kwa betri, hata kama umeme upo. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, msisimame: ngoma, tarumbeta na saksafoni hazihitaji umeme, na mwimbaji ana koo lake. Wenye magitaa wapige makofi ya mdundo. Nimewahi kuwa ukumbini Makambako umeme ulipokatika hivyo, wapulizaji wakaendelea gizani, na wimbo ule ndio watu waliokuwa wakiuulizia mwaka mzima.

Mjue pia kwamba hata wakubwa wanakosea mahali pa kusimama. Tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la jazi la Newport, Marekani, Duke Ellington alimpa nafasi mpuliza saksafoni wake Paul Gonsalves katikati ya wimbo mmoja mrefu. Gonsalves akapuliza mizunguko 27 bila kupumzika, watu wakasimama juu ya viti, wakacheza. Usiku ule ulimrudishia Ellington heshima aliyokuwa ameanza kuipoteza. Lakini Gonsalves alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti cha redio ya Sauti ya Amerika, si cha kampuni iliyokuwa inarekodi santuri, kwa hiyo kwenye santuri ile ya kwanza anasikika yuko mbali. Sehemu nyingine za santuri zilirudiwa studio, zikatiwa makofi ya kubandika. Ilibidi kusubiri mpaka 1999, tepu ya redio ilipopatikana na kuunganishwa na ile nyingine, ndipo watu wakamsikia sawasawa. Chukueni chaki, choreni sakafuni mahali pa miguu ya kila mmoja. Lakini zingatieni pia kwamba kwa miaka zaidi ya 40 watu waliipenda rekodi ile pamoja na kasoro yake, kwa sababu walichofanya wale watu usiku ule kilikuwa cha kweli.

Mtakosea. Tarumbeta itapasuka sauti kwenye noti ya juu, mtu ataingia mapema. Msimame tu pale wimbo unapoanguka kabisa. Kosa dogo likitokea, aliyekosea asiinue macho, asitikise kichwa, asicheke, na wenzake wasimtazame. Uso wa mtu husikika kwenye rekodi, amini maneno yangu: ukinyong'onyea, pigo linalofuata linanyong'onyea. Mara nyingine wenzako watalichukua lile kosa na kulirudia kwa makusudi, likawa pambo. Pigeni kila wimbo mara mbili, ikibidi mara tatu, si zaidi. Ya kwanza huwa na woga, ya pili huwa na maisha, kuanzia ya nne mnaanza kujiiga wenyewe.

Watu waje. Msiwakataze kupiga vigelegele wala kuitikia. Waambieni tu mambo mawili: simu zizimwe, na watoto wadogo wakae na mama zao karibu na mlango. Wazee tutakaa mbele. Na katika nyimbo mtakazochagua, uwepo angalau mmoja wa Kikinga. Wakinga wametawanyika kwenye maduka na maghala toka Makambako hadi Dar es Salaam na kwingineko, na wengi wana watoto wasioisikia lugha hiyo ikiimbwa isipokuwa wakija kuzika. Huo mmoja utasafiri mbali kuliko yote mtakayopiga, nawahakikishia.

Bado jambo la haki na majina, ambalo vijana huliona dogo mpaka siku fedha zinapoingia. Nyimbo nyingi za enzi zetu zinapigwa mpaka leo, na ukiuliza nani alipuliza ile tarumbeta, jina la bendi lipo, la kiongozi lipo, la mpulizaji halipo popote. Watu wale walikuwa na familia. Nyinyi nunueni daftari gumu. Siku ya kurekodi andikeni tarehe, ukumbi, kila wimbo na mtunzi wake, kila mpigaji na chombo chake, na aliyeshika mashine. Wote wasaini. Kabla ya kurekodi, si baada, kaeni mkubaliane kila mmoja atapata sehemu gani ya kitakachopatikana, na mtunzi wa wimbo atazidishiwa nini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji pamoja na mtunzi, basi nyimbo zisajiliwe COSOTA, taasisi ya hakimiliki, kwa majina yenu halisi. Akija mtu na gari zuri akasema atawashughulikia yote, mwambieni alete karatasi, na karatasi hiyo isomwe na mtu asiye wa bendi kabla hamjashika kalamu. Msisaini usiku, wala baada ya ulanzi.

Pombe nimeigusa, niimalize. Siku ya kurekodi asinywe mtu, hata kikombe cha kutoa baridi. Midomo ya mpulizaji inalegea kabla kichwa hakijajua, na mikono ya wa ngoma inakimbia huku yeye akidhani yuko palepale. Chai ya tangawizi itawatosha, na mama zenu wameshasema watapika.

Rekodi ikiisha, msiisikilize usiku huohuo. Laleni. Isikilizeni baada ya siku tatu, wote pamoja, pasiwepo wa kuisikiliza peke yake kwanza, na kila mmoja aseme alichokipenda kwa mwenzake kabla hajataja sehemu yake mwenyewe. Kisha toeni nakala: moja ikae Iwawa, moja nje ya wilaya kwa ndugu mnayemwamini, na moja iende redioni Dar es Salaam na barua iliyoandikwa vizuri yenye majina yote.

Kuhusu ukumbi, nitazungumza mwenyewe na wanaotunza funguo, na kwenye gharama ya siku hiyo nitaongeza magunia mawili ya viazi yakauzwe Makambako. Wa besi aje kwangu kesho jioni na gitaa lake. Nyuzi anazotumia zimekwisha, nilizisikia Jumapili, na ninazo mpya ndani.